Deni la Viatu

Naandika kwa penseli, maana hesabu za Unión Molinera
hubadilika kati ya kahawa ya asubuhi na filimbi ya jioni.
Ukurasa wa Juni:
taa nne za uwanja, mbili zimekufa, ya tatu inakonyeza.
Mashine ya kufulia inafua, haikamui.
Basi la kwenda Tacuarembó tumelipa nusu,
nusu ya pili dereva Olivera anatudai kwa heshima:
tukikutana anashusha kioo, hasemi kitu.

Wachezaji kumi na wanane. Kumi na saba
wana kazi nyingine, kinuni, kwenye bohari ya ngozi;
golikipa anachinja ng'ombe, huja mazoezini
na harufu ambayo washambuliaji hawaisogelei.
Wa kumi na nane ni Yamandú Techera.

Mimi mpira siujui. Nilikuwa karani wa duka la dawa
miaka thelathini na moja; najua vipimo.
Lakini kijana yule akipokea pasi, uwanja mzima husita
kama mtu aliyesahau alichokuwa akisema.

Jumanne alikuja wakala kutoka Montevideo,
viatu vyake havijawahi kuonana na tope.
Akaweka karatasi mezani, na juu yake kalamu ya wino.
Mkataba unaisha Desemba, alisema,
kwa sauti ya mtu anayetaja hali ya hewa.
Desemba ataondoka bure. Leo ana bei.

Kocha Ledesma akapiga meza: "Mechi tatu!
Zimebaki mechi tatu tupande daraja!"
Na kupanda nako kuna bei, nilimjibu,
huko juu wanadai viti, daktari, uzio wa chuma.
Mkono mtupu haulambwi, Ledesma,
na wetu u mtupu tangu kinu kilipopunguza zamu.

Nikamwita kijana. Akakaa ukingoni mwa kiti.
"Ukisema nibaki, doña Nélida, nabaki."
Hapo ndipo aliponionea.
Miaka kumi na tisa, mama yake anadeki hospitali usiku kucha,
na bado ananitwisha mimi jibu.
Baki. Neno lilikuwa ulimini, tamu.
Nikalimeza kama kidonge, bila maji.

Basi nikabishana, saa mbili nzima,
kama nilivyobishana na wauza dawa wa jumla.
Bei ikapanda kidogo. Nikadai asilimia ishirini
ya mauzo yake yajayo. Wakala akacheka.
Nikamwacha acheke, nikamenya chungwa taratibu,
ganda moja refu, halikukatika.
Alipochoka kucheka tukaafikiana kumi na mbili:
kumi na mbili ya kitu ambacho huenda kisitokee,
goti likipinda, kocha mpya asipompenda,
kumi na mbili ya upepo.
Hiyo niliiandika kwa wino wake.

Jumamosi tulifungwa tatu bila.
Taa zote nne ziliwaka; tuliona vizuri kila bao.
Kutoka jukwaani mtu akaniita muuza watoto.
Nilimjua kwa sauti, nimempa dawa ya kifua
kwa mkopo majira ya baridi mawili.
Sikugeuka. Nilikuwa nahesabu chenji za soseji.

Olivera sasa hashushi kioo, anapiga honi.

Usiku nilifungua daftari la zamani, miaka saba nyuma,
mwandiko wangu ukiwa bado umenyooka:
Techera Y., miaka kumi na miwili,
viatu, jozi moja, namba thelathini na sita. Deni.
Wakala hakuuliza, nami sikumwonyesha.
Dawa ya deni ni kulipa, ndivyo tusemavyo.
Hili nimeliacha liugue.